Mnyauko Katika Mbegu ya Mama

Pale kijijini kwetu Kichiwa watu walimjua mama yangu kwa mbegu za viazi kabla ya jambo lingine lolote. Baba alipofariki alibaki na mashamba mawili, la juu na la bondeni, na badala ya kulima viazi vya kuuza sokoni kama wengine, akachagua kulima vya mbegu. Alijenga stoo yake mwenyewe kwa fito na mianzi, akaiacha wazi pande zote ili mwanga upite bila jua kuchoma, na ndani yake akapanga viazi juu ya vichanja, tabaka moja moja. Mgeni angedhani vimeharibika, kwa sababu kiazi kikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani. Mama alivishika kimoja kimoja akitazama macho yake. Chipukizi likiwa fupi, nene, la rangi ya zambarau, alikirudisha kichanjani. Likiwa refu na jeupe, alikitoa.

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari Makambako. Kila Ijumaa jioni, kama hakuna zamu, napanda gari la kwenda Njombe na kushuka njia panda ya nyumbani. Kwa hiyo nilikuwepo karibu kila jambo lilipotokea mwaka ule, na sina kisingizio cha kusema sikuona.

Mbegu ya mwaka ule mama aliipata kwa mwanamke mmoja wa upande wa Makete, huko juu kwenye baridi kali, mahali ambapo umande huganda asubuhi za Juni. Vilikuwa viazi vizuri sana. Ngozi safi, umbo moja, hakuna kidonda. Mama alivipanda shamba la juu wakati wa masika, vikastawi, akavuna mwezi wa tano bila kuona jani moja lililolegea. Akavihifadhi stoo. Kuanzia Agosti watu wakaanza kuja kuchukua: wenye vinyungu, yaani bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki, na baadaye wale waliokuwa wakisubiri mvua za mwisho wa Novemba.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumamosi, alifika mzee mmoja kutoka Igwachanya, huko chini kwenye joto. Alikuwa mteja wa miaka mingi, mtu mpole, fundi seremala aliyestaafu. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na mfuko wa plastiki aliofunga vizuri, akasalimu, "Kamwene," akaketi kwenye benchi la nje. Alipomaliza kunywa chai aliufungua ule mfuko. Ndani mlikuwa na mashina matatu ya viazi. Majani yalikuwa yamelala kama yaliyomwagiwa maji ya moto, lakini bado yalikuwa ya kijani.

Alieleza kwa upole kwamba mimea hulegea mchana na kuamka jioni, na baada ya siku chache haiamki tena. Alisema hakuja kulaumu, alikuja kuuliza.

Mama hakupenda swali lile. Alimwambia huenda amechelewa kumwagilia, au kuna sota, wale wadudu wakatao mashina usiku. Mzee akajibu kwamba anamwagilia asubuhi na jioni na amechimba bila kuona mdudu. Ndipo mama akanigeukia na kuniuliza mimi, mwalimu, ninaonaje. Nilishika shina moja, nikaligeuza mara mbili, nikasema ni jua. Nikaongeza maelezo marefu kuhusu maji kupotea kwenye majani, kama vile niko mbele ya ubao. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akaufunga mfuko wake, akashukuru kwa chai na kuondoka. Mama aliendelea kunung'unika hadi jioni kwamba watu wa Igwachanya hawajui viazi.

Wiki ya pili ya Novemba nilikuta mambo yamebadilika. Jua lilikuwa kali kwelikweli, jua lile la kabla ya mvua, na mama alikuwa amesimama kwenye kinyungu chake mwenyewe, lile shamba la bondeni, mikono kiunoni, bila kofia. Kwenye kona ya chini, karibu na kijito, mashina kama kumi yalikuwa yamelala. Udongo ulikuwa na unyevu; nilichota nikaufinya mkononi ukashikamana. Hakuna aliyeweza kusema ni ukame.

"Twende tukamwite bibi shamba," mama alisema.

Bibi shamba wetu, afisa ugani wa kata, alikuwa binti mdogo kuliko mimi, na sisi wote tulimwita hivyo bila yeye kujali. Alikuja na pikipiki yake, akavaa gambuti, lakini kabla ya kuingia shambani alituzuia sote ukingoni. Aliuliza nani ameingia mle ndani na kwa viatu gani, na baada ya hapo wameingia shamba lipi. Mama alijibu kwamba tumeingia yeye na mimi, na yeye kwa ndala zile zile anazokwendea kila mahali. Yule binti alituacha hapo hapo. Aliingia peke yake, akachagua shina moja lililolegea lakini halijakauka, akalikata kwa kisu karibu na udongo, akarudi nalo akiwa amelifunga ndani ya mfuko.

Aliomba glasi safi na maji safi. Mama alileta glasi ya wageni. Bibi shamba akakata kipande cha shina chenye urefu wa kidole, akakiegesha juu ya glasi kwa kijiti ili ncha yake ya chini iguse maji, kisha akatuambia tusitikise meza.

Tulikaa tukitazama. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Baada ya dakika kama tatu, kutoka kwenye ncha ya shina ulianza kushuka uzi mweupe, mwembamba kuliko wa kushonea, kama maziwa yanayotiririka polepole ndani ya maji. Ukafuata wa pili. Zilishuka zimenyooka hadi chini ya glasi, zikajikunja pale na kutulia. Nimefundisha habari za bakteria kwa miaka mingi, nimechora seli zao ubaoni kwa chaki za rangi, lakini sikuwahi kuwaona wakitoka wenyewe, kwa mamilioni, mbele ya macho yangu, juu ya meza ya kulia chakula. Nikiri kwamba kabla ya hofu kuniingia nilistaajabu. Kilikuwa kitu kizuri kutazama.

"Huo ni mnyauko bakteria," alisema bibi shamba. "Maji hayo usiyamwage, mama. Tutayachemsha."

Akatueleza. Jina la kitaalamu ni Ralstonia solanacearum, nami nilikuwa nimelisoma chuoni na kulisahau. Huingia kwenye mzizi kupitia jeraha dogo tu, hupanda ndani ya mirija inayopeleka maji juu, na humo huongezeka hadi mirija inaziba. Mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye maji. Ndiyo sababu majani hulegea yakiwa bado ya kijani. Tena hakai mahali pamoja. Anapatikana kwenye udongo, kwenye maji ya mifereji na vijito, kwenye tope la soli ya kiatu, kwenye jembe lisilooshwa, kwenye nyanya, bilinganya na mnavu, kwenye viazi maotea vinavyojiotea vyenyewe msimu unaofuata. Lakini mahali anapojificha vizuri kuliko pote ni ndani ya kiazi cha mbegu. Kule juu kwenye baridi anatulia. Kiazi kinakaa kizima, shamba linapendeza, mkulima anavuna akifurahi. Mbegu ile ile ikishuka mahali penye joto, anaamka.

Mama alikata kiazi kimoja alicholeta bibi shamba kutoka kinyunguni. Ndani, karibu na ganda, kulikuwa na duara la kahawia, na alipokiminya, matone meupe yalijitokeza juu ya duara lile. Alikishika muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

"Na mbegu zilizokwisha kwenda?"

Bibi shamba alisema hakuna sheria itakayomfuata mama, kwa kuwa hakujua, na kwamba kwa mwaka huu atamsaidia kushughulikia shamba lake. Mama akauliza tena, kwa sauti ile ile, waliochukua mbegu kwa ajili ya mvua wamekwisha panda au bado. Mvua hazikuwa zimeanza. Mawingu yalikuwa yanajikusanya kila alasiri upande wa Njombe na kutawanyika.

"Basi bado," mama akajijibu mwenyewe.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisa letu liko karibu na misheni na watu wa vitongoji vyote hukutana pale, kwa hiyo mama hakuhitaji kuwatafuta mmoja mmoja. Baada ya matangazo ya ndoa na ya jumuiya, padri aliuliza kama kuna mwenye neno. Mama alisimama. Nilimjua kama mwanamke asiyependa kusimama mbele za watu. Hata kwenye mazishi ya baba alimwachia mjomba aseme. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu na mkononi ameshika kitambaa.

"Mbegu niliyowauzia mwaka huu ina ugonjwa," alisema. "Sikujua nilipouza. Sasa najua. Ambaye hajapanda, asipande. Aliyepanda aniite, nitakuja na mtaalamu. Yule mzee wa Igwachanya alikuja kuniambia mapema, nikamjibu vibaya. Nisameheni."

Kisha akakaa. Mtoto alikuwa akichezea ufunguo kwenye benchi la nyuma. Padri alishukuru, wimbo wa kutoka ukaanzishwa. Nje, watu walimzunguka. Wengine walimshika mkono. Jirani yetu wa mpaka, mwanamke aliyekuwa na gunia zima la mbegu ile, alisema mbele ya wote kwamba mama anatafuta kisingizio cha kurudisha mbegu ili awauzie watu wa mbali kwa bei nzuri zaidi. Mama hakubishana. Alimwambia tu kwamba gunia hilo akilipika halitamdhuru mtu yeyote, maana ugonjwa huu ni wa mimea, lakini akilipanda, maji ya mvua yatashuka hadi kwa wote walio chini yake.

Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya siku tatu. Mama hakuwa na daftari la wateja. Alikuwa nao kichwani. Alikumbuka nani alikuja na mtoto mgongoni, nani alikuja na baiskeli, nani alisema anapeleka mbegu kwa mkwe wake. Tulipita vitongoji kwa miguu, mimi na yeye, na kila tulipofika mlangoni alikataa kuingia shambani kabla ya kuosha miguu na viatu kwa maji ya dawa tuliyoyabeba kwenye dumu. Watu walicheka kumwona anaosha viatu ili aingie kwenye udongo. Naye akaendelea kuosha. Waliokubali kuacha mbegu aliwachotea mahindi kutoka ghalani kwake, akisema ni ya kusogeza siku.

Makambako tulikwenda kwa mama mmoja muuza chipsi karibu na stendi, ambaye alikuwa amechukua viazi vya mama vilivyokuwa vikubwa mno kwa mbegu. Alidhani tumekuja kumzuia asikaange. Mama alimtuliza kwamba akaange tu. Alichotaka kujua ni maganda yanakwenda wapi. Mwanamke yule aliduwaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za maganda. Akasema anampa jirani yake mwenye bustani ya nyanya, huyatandaza kama mbolea. Mama alishika kichwa. Tulikwenda hadi kwa yule jirani, tukamkuta anapalilia, na mama akaketi kwenye tuta la nje kumweleza kila kitu tangu mwanzo, polepole. Jirani akakubali kuanzia siku hiyo kuyachemsha maganda na kuwapa nguruwe.

Siku ya tatu tulikwenda Igwachanya. Njiani nilitaka kumpunguzia mzigo, nikamwambia kosa ni langu pia, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema ni jua. Alinijibu kwamba ndiyo, ni langu pia, na kwamba nitasema mwenyewe tukifika.

Mzee alitupokea kama wageni wa kawaida. Kinyungu chake kilikuwa kimekwisha; alikuwa amekwisha ng'oa kila kitu na kukichoma. Mama alipiga magoti kidogo, kama tunavyosalimia sisi, akaomba radhi. Nami nikaomba ya kwangu. Sikuwa na maelezo marefu safari hii. Mzee alituagizia viti, akamwita mkewe alete ugali. Tulipokuwa tunakula alimuuliza mama jambo lililoonekana kumsumbua.

"Ungekaa kimya, mama, nani angejua?"

"Mimi," mama alisema, na akaomba aongezewe mboga.

Mvua zilianza wiki iliyofuata. Karibu wote tuliowafikia walikuwa wameacha mbegu. Wawili walikuwa wamekwisha panda, na bibi shamba akawasaidia kung'oa na kuchimba mitaro ya kuzuia maji yasitoke kwao. Jirani yetu wa mpaka alipanda gunia lake lote. Hadi Januari viazi vyake vilikuwa vinapendeza kuliko mashamba yote ya pale, na alipopita njiani alimsalimia mama kwa sauti ya juu. Mwezi wa pili mvua ilisimama kwa siku kadhaa, jua likawaka, mashina yakaanza kulala. Alikuja nyumbani asubuhi na mapema. Sikuwepo, lakini mama alinisimulia kwamba hakumwambia neno la jana wala la juzi. Alichukua glasi, wakaenda pamoja.

Siku ile ya glasi nilikuwa nimemwomba bibi shamba ruhusa ya kuchukua tone moja la ule ute mweupe wa kiazi juu ya kioo cha hadubini. Alikubali kwa sharti nikipitishe kwenye moto hapo hapo ili kila kilichomo kife. Shuleni nilikipaka rangi ya buluu na kukiweka chini ya hadubini yetu, ambayo haina nguvu kubwa. Wanafunzi walipanga foleni. Walichoona ni nukta tu, nyingi mno, kama vumbi la wanja. Msichana mmoja aliniuliza kama kweli vitu vidogo hivyo vinaweza kuangusha shamba. Nikamsimulia habari za baridi ya Makete na joto la Igwachanya, za kiazi kinachong'aa nje kikiwa na duara la kahawia ndani, na za mirija inayoziba. Sikuwafundisha somo hilo kwa kulaani. Kiumbe asiye na jicho wala mguu, anayeweza kusubiri ndani ya kiazi msimu mzima na kusafiri kwenye kisigino cha ndala, anastahili heshima yake. Lakini niliwaambia wazi pia kwamba niliyemstaajabia zaidi katika habari ile ni mtu.

Shamba la bondeni mama hakulipanda viazi tena. Alipanda mahindi, kisha ngano, kisha njegere, kisha mahindi. Kilichomuuma ni mnavu. Aliupenda kuliko mboga zote, ulikuwa unajiotea kando ya matuta tangu akiwa bibi harusi, na sasa alilazimika kuung'oa kila alipouona pamoja na viazi maotea vilivyochomoza katikati ya mahindi. Alipita mstari kwa mstari akiwa ameinama, na umri wake ule. Alikuwa na majembe mawili sasa, moja la shamba la juu na moja la bondeni, na wajukuu walipochanganya aliyaosha yote mawili na kuanza upya bila kugomba.

Miaka minne ilipopita, wataalamu wa utafiti walimpa mbegu safi kidogo, akaipanda kwenye kipande cha juu kabisa ambacho hakijawahi kuona kiazi. Sasa anauza tena, ila kwa masharti yake. Hauzi kwa mtu ambaye hakuja shambani mimea ikiwa imesimama. Mteja lazima avue viatu, aoshe miguu, apite kila tuta kwa macho yake, achague shina lolote alitakalo likatwe na kupimwa kwenye glasi ya maji. Wengine huona ni usumbufu, huenda kununua kwingine. Anawasindikiza hadi barabarani na kuwatakia safari njema.

Pasaka iliyopita bibi shamba alikuja kuaga, amehamishiwa wilaya nyingine. Nilimuuliza kama yule bakteria bado yumo kwenye shamba la bondeni. Alisema hawezi kuniambia ndiyo wala hapana. Anaweza kukaa ardhini miaka mingi, na kijito kinatoka mbali, hatujui kimepita kwa nani. Mama alikuwa anamfungia parachichi kwenye kikapu. Alisikia, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani anayemfahamu. Kisha akamuuliza kama huko aendako kuna baridi, na kama ana sweta la kutosha.